Punda wa Kazi Tabora: Umnunue kwa Mchuuzi, Mnadani au Bomani kwa Mfugaji?

Anayetafuta punda wa kazi mkoani Tabora ana sehemu tatu za kwenda. Kuna mchuuzi mwenye zizi lake pembezoni mwa mji au karibu na barabara kuu, anayezunguka vijijini akinunua punda na kuwauzia wenye mikokoteni, wauza maji, wafyatua matofali na wakulima. Kuna mnada. Na kuna boma la mfugaji, ambako punda amezaliwa au amefanya kazi miaka kadhaa. Ninamwandikia mtu anayenunua punda wake wa kwanza, au jozi yake ya kwanza, kwa fedha ya mavuno ya msimu mmoja asiyo na nyingine ya kurudia.

Msimamo wangu nauweka wazi tangu mwanzo. Unapowalinganisha wauzaji hawa, bei iache kwanza. Uliza ni nani kati yao anayeweza kukueleza punda huyu amekulia wapi, amefanya kazi gani na amewahi kuugua nini. Punda ni mnyama anayeficha maumivu. Ng'ombe akiumwa utamwona. Punda atasimama kimya, masikio yamelegea kidogo, na asiyemjua atasema ni mpole. Kwa hiyo unamlipia mnyama pamoja na habari zake, na habari hizo ndizo zinazowatofautisha wauzaji hawa watatu.

Wapo pia wanaoulizia farasi. Mkoa huu si wa farasi, na sababu yake ndiyo hiyo hiyo inayopaswa kukuongoza unapochagua punda: ndorobo, yule nzi anayenyonya damu na kuwaambukiza wanyama ugonjwa wa nagana. Katika karne ya 19 mizigo ya misafara ya Bagamoyo, Tabora na Ujiji ilibebwa zaidi kwa mabega ya watu, na Wanyamwezi ndio waliosifika kwa upagazi, kwa kuwa wanyama wa mizigo hawakudumu njiani. Stanley alipoondoka Bagamoyo mwaka 1871 kumtafuta Livingstone alikuwa na farasi wawili, na wote walikufa kabla hata hajafika mbali na pwani. Punda ni mvumilivu kuliko farasi, lakini uvumilivu wake una mipaka.

Kabla ya muuzaji, tazama punda anakotoka na anakokwenda

Tabora si moja. Igunga na Nzega, upande wa kaskazini, ni nchi ya wazi: mashamba ya mpunga, pamba na mahindi, mbuga ya Wembere, miti michache, mifugo mingi. Ukishuka kusini na magharibi, Sikonge, Urambo, Kaliua na sehemu za Uyui, unaingia kwenye miombo, nchi ya tumbaku na asali, na huko ndorobo bado yupo. Ndorobo ndiye anayeeneza nagana. Punda mwenye nagana hukonda huku anakula, hupata homa inayokuja na kuondoka, ndani ya kope na ufizi hupauka kwa kuishiwa damu, na wakati mwingine huvimba chini ya tumbo. Mwenye haraka atasema ni mvivu na kumwongezea fimbo.

Sasa fikiria punda aliyekulia Igunga kwenye nchi ya wazi, akauzwa kwa mkulima wa tumbaku wa Sikonge. Anakwenda kukutana na ndorobo akiwa mgeni, tena akiwa kazini, amechoka na safari. Msimu wake wa kwanza huo ndio wa hatari. Aliyekulia kwenye miombo na bado ana nyama mgongoni amekwisha kupimwa na mazingira yenyewe. Kwa mnunuzi wa Nzega jambo hili ni dogo. Kwa wa Kaliua linaweza kuwa ndilo linaloamua kila kitu.

Linganisha wauzaji kwa kipimo hicho. Mfugaji wa jirani anakuuzia punda wa mazingira yale yale, kwa hiyo jibu unalo kabla ya kuuliza. Mchuuzi anajua alikomnunua, ila unategemea ukweli wake. Mnadani mara nyingi hupati jibu kabisa, kwa sababu anayeshika kamba anaweza kuwa mtu wa tatu au wa nne tangu punda atoke bomani kwake.

Popote utakaponunua, ukiwa na shaka damu inaweza kupimwa. Wakala ya Maabara ya Veterinari ina kituo Tabora, na daktari wa mifugo anajua namna ya kuchukua sampuli. Ila usikubali kijana mwenye bomba la sindano akuchomee punda dawa ya nagana kwa kipimo cha ng'ombe. Diminazene, dawa inayotumika sana kwa ng'ombe, humdhuru punda ikikosewa kipimo. Hiyo ni kazi ya mtaalamu.

Kwa mchuuzi

Mchuuzi nimesikia akisemwa vibaya kuliko anavyostahili. Ana mambo mawili ambayo wengine hawana: uchaguzi na anwani. Zizini kwake unaweza kukuta punda wengi kwa siku moja, majike na madume, waliozoea mkokoteni na waliozoea kubeba mgongoni. Unayetaka jozi inayolingana kimo na mwendo, kwa mchuuzi utaipata upesi kuliko kuzunguka vijiji kwa baiskeli. Na kwa kuwa biashara yake ipo pale pale, anajali jina lake. Anajua ukirudi unalalamika mbele ya wateja, atauza kwa shida.

Udhaifu wake unatokana na biashara yenyewe. Faida yake ni mzunguko: punda anayekaa zizini anakula pumba na kumla mchuuzi mtaji. Hivyo anataka aondoke wiki hii. Pili, zizi lake ni njia panda ya punda kutoka kila upande, na kila mmoja amekuja na minyoo yake, upele wake na kikohozi chake. Punda mzima aliyeingia Jumatatu anaweza kutoka Ijumaa amekwisha kuambukizwa, na hata mchuuzi asijue.

Tatu ni utayarishaji. Mchuuzi mwaminifu humwosha punda, humpa maji na majani, basi. Asiye mwaminifu ana mbinu. Kidonda cha mgongoni hupakwa oli chafu au tope ili kionekane ni uchafu. Mwenye kilema huchomwa sindano ya maumivu akatembea vizuri kwa saa kadhaa. Mwenye tumbo lililobonyea hunyimwa maji, akalishwa chumvi, kisha akanyweshwa mengi mbele ya mteja ajae. Mkaidi huchoshwa kwa mizigo tangu alfajiri, ukifika saa nne unakuta mnyama mtulivu kuliko wote.

Dawa ya mbinu zote hizo ni moja, na kwa mchuuzi tu ndiko inakowezekana kirahisi: rudi. Mwone leo, usitoe arbuni, kisha rudi siku nyingine asubuhi mapema bila kutoa taarifa. Mtazame anavyotoka zizini kabla hajapashwa mwili moto. Mguu mbovu huonekana hapo, wakati viungo bado vimekakamaa. Muuzaji aliyekuwa mkarimu jana na leo anakasirika kukuona saa kumi na mbili na nusu asubuhi amekwisha kukujibu.

Mchuuzi wa kumwamini ana tabia zinazoonekana. Wageni anawaweka zizi lao, hawachanganyi na wanaosubiri wateja. Birika lina maji hata kama hakuna mteja. Anakutajia kijiji alikomnunua punda na yuko tayari mumpigie simu mwenyewe wa zamani mkiwa wote. Anakuruhusu kuja na daktari wako wa mifugo, na anakubali umjaribu punda kwa mkokoteni wako na mzigo wako. Nikimwona muuzaji anayesema "kuna mtu anakuja kumchukua saa nane, amua sasa hivi", mimi huaga kwa heshima na kuondoka.

Hapa tumtenge dalali, maana watu huwachanganya. Mchuuzi ameweka fedha yake kwa punda. Dalali hajaweka kitu. Anawaunganisha ninyi wawili na kuchukua chake kwa mmoja au kwa wote. Anaweza kuwa msaada mkubwa kwa mgeni wa eneo, lakini punda akilala chini wiki ijayo hutakuwa na madai kwake. Ukipelekwa na dalali, sisitiza kuonana na mwenye mali uso kwa uso, na fedha imfikie mwenye mali.

Mnadani

Minada ya Igunga, Nzega na ule wa Ipuli hapa Tabora mjini inajulikana zaidi kwa ng'ombe na mbuzi, lakini punda nao hufika. Uzuri wa mnada ni bei inayoonekana: unasikia jirani anauziwa kwa kiasi gani, na jua likianza kuteremka aliyetoka mbali hulegeza ili asirudi na mnyama. Upo pia uzuri wa maofisa kuwa palepale, ushuru unalipwa, risiti inatoka, kibali kinaandikwa.

Ubaya wake ni muda. Kila jambo ninaloshauri hapa linahitaji subira, na mnada hauna subira. Utampima punda katikati ya vumbi, kelele na ng'ombe wenye pembe, naye amekuja kwa lori au kwa mguu toka jana. Hana hamu ya kula, kwa hiyo huwezi kumwona akila. Amechoka, kwa hiyo huwezi kuijua tabia yake. Mtu akimtembeza hatua kumi mbele yako, ni hatua kumi tu utakazopata. Na ukifika nyumbani ukagundua kasoro, aliyekuuzia yuko mnada mwingine.

Usisahau safari ya kurudi. Toka Nzega hadi Tabora mjini ni zaidi ya kilomita 100. Punda aliyepakiwa lori moja na ng'ombe huchomwa pembe na kukanyagwa, na jike mwenye mimba anaweza kuiharibu humo. Punda hubeba mimba karibu mwaka mzima, tofauti na ng'ombe wa miezi tisa, kwa hiyo hasara hiyo si ya kufidiwa kesho. Gharama ya usafiri wa heshima iongeze kwenye bei ya mnada kabla hujasema umepata rahisi.

Mimi simshauri mnunuzi wa kwanza aende mnadani peke yake. Mwenye jicho la miaka mingi, sawa, atatoka na mnyama mzuri kwa bei nzuri. Asiye na jicho hilo aende kutazama na kujifunza bei, fedha akiiacha nyumbani.

Bomani kwa mfugaji

Hapa unanunua polepole. Unafika asubuhi, "Shikamoo mzee", "Marahaba mwanangu, karibu kigoda", na huanzi na punda. Mtaongelea mvua, malisho, watoto. Kwa Wasukuma na Wanyamwezi wa vijijini mtu anayekimbilia bei kabla ya salamu kukamilika anatiliwa shaka, na ni haki, kwa sababu wezi wa mifugo nao wana haraka. Ukiwa na mtu wa kukutambulisha, mjomba, shemeji au mtu wa kanisani au msikitini kwenu, umefupisha njia.

Unachopata ni kile ambacho hakinunuliki kwingine: unamwona punda kwake. Unamwona akitoka zizini alfajiri, akienda kisimani, akirudi na madumu. Unamwona mtoto wa miaka kumi akimvalisha kamba bila kung'atwa wala kurushiwa teke. Unaona chakula chake na wenzake. Muulize yule mtoto, si baba yake tu. Anayemtumia punda kila siku ndiye anayejua kwamba anaogopa pikipiki, au kwamba hapiti daraja la mbao mpaka ashawishiwe, au kwamba mwaka jana alilala siku kadhaa asiinuke.

Swali la kumuuliza mzee ni kwa nini anauza. Sababu nzuri zipo nyingi: ada ya shule Januari, mahari ya kijana, wanyama wamezidi malisho, njaa kabla ya mavuno. Hizo ndizo nyakati ambazo bei ya bomani hushuka, na hapo nakuomba utende haki, usimkamue mtu aliyebanwa. Jibu la kukutia wasiwasi ni lile linalobadilika kila ukiuliza.

Udhaifu wa njia hii ni kwamba inachosha na inakula siku. Unaweza kuzunguka vijiji vingi usikute punda anayeuzwa, kwa sababu mfugaji huuza mbovu upesi na mzuri kwa shingo upande. Naam, hilo nalo lipo: anayekuletea punda mwenyewe bila kuulizwa, mchunguze sana. Aliye bora mara nyingi utamwona barabarani akifanya kazi, ndipo umfuate mwenyewe na kumwomba.

Ukaguzi wenyewe

Mambo ya kukagua ni yale yale kwa wauzaji wote watatu. Tofauti ni nani atakuachia nafasi ya kuyafanya.

Anza na meno. Punda hubadilisha meno mawili ya katikati ya mbele akiwa na karibu miaka 2 na nusu, yanayofuata akiwa na 3 na nusu, ya kona akiwa na 4 na nusu, na akifika 5 kinywa kimejaa. Meno ya utoto ni madogo, meupe zaidi, yamebanika shingoni. Ukiambiwa "ana miaka minne, yuko tayari kwa mkokoteni", na kinywani kumejaa meno ya utoto, unauziwa mtoto. Mgongo na miguu yake bado haijakomaa, na kumfunga mzigo mzito sasa ni kumharibu kwa maisha yake yote. Punda anayetunzwa hufanya kazi miaka mingi, kwa hiyo mwenye miaka 6 au 8 aliyezoea kazi si mzee; kwa mnunuzi wa kwanza ndiye bora.

Kisha mgongo, bega na chini ya mkia. Pitisha kiganja, usitazame tu. Madoa ya manyoya meupe kwenye bega, uti wa mgongo au mbavuni ni makovu ya vidonda vya matandiko vilivyopona. Kovu moja la zamani ni la kawaida. Mengi yanakuambia alivyotendewa, na pengine kwa nini anarudi nyuma akiona kamba. Tazama hasa juu ya shingo. Vijijini kwetu punda wengi hufungwa nira ya ng'ombe, na punda hana nundu ya kuizuia ile nira. Inakaa juu ya mifupa ya shingo na kumchubua. Punda huvuta kwa kifua, kwa mshipi mpana wenye kitambaa laini. Kama wewe mwenyewe hujapanga kununua au kushona mshipi wa kifua, subiri kununua punda mpaka uupate.

Miguu: mwongoze kwenye ardhi ngumu, kwa kamba iliyolegea, aende mbali nawe na kurudi, kisha azunguke pande zote mbili. Akiwa na mguu mbovu wa mbele, kichwa huinuka kila mguu ule unapogusa ardhi. Inua kila kwato. Ikiwa imerefuka mbele kama kiatu cha ncha, amekaa muda mrefu bila kupunguzwa kwato. Ukikuta shimo lenye harufu au usaha chini ya kwato, kumbuka kwamba jeraha la namna hiyo linaweza kumletea pepopunda, na punda na farasi ni wepesi sana wa kuupata ugonjwa huo.

Joto la mwili linawapotosha hata wataalamu waliozoea ng'ombe. Punda mzima aliyepumzika huwa kati ya nyuzi 36.5 na 37.8. Ng'ombe mzima huwa 38 na zaidi. Kwa hiyo kipimajoto kikionyesha 38.8, anayefikiria ng'ombe atasema "yuko sawa", kumbe punda ana homa.

Mwisho mtie kazini. Kwa mchuuzi na kwa mfugaji omba afungwe mkokoteni mtupu, kisha wenye mzigo wa kiasi. Kama ni wa kubeba mgongoni, punda wetu wa kilo 130 au 150 asibebe zaidi ya kilo 40 hadi 50. Gunia la mahindi la kilo 100 si jaribio, ni ukatili. Mtazame akisimama ukimwambia simama. Mkokoteni usio na breki kwenye mteremko unamtegemea punda anayesikia.

Karatasi na sheria

Wizi wa punda si hadithi. Mahitaji ya ngozi za punda kwa dawa ya kiasili ya Kichina yalipunguza idadi ya punda katika nchi nyingi za Afrika, na mnyama anayezaa mtoto mmoja kwa mimba ya mwaka mzima haongezeki upesi. Tanzania ilipiga marufuku kuwachinja kwa biashara hiyo, na Februari 2024 viongozi wa Umoja wa Afrika walikubaliana kuizuia bara zima. Hata hivyo punda wa wizi bado huuzwa, na asili ya sungusungu katika maeneo haya ya Usukumani na Unyamwezini, mwanzoni mwa miaka ya 1980, ni wizi wa mifugo. Nyayo zikifuatiliwa zikaishia kwako, utampoteza punda na fedha, na unaweza kulala mahabusu. Mwizi hana umiliki wa kukuuzia.

Kwa mfugaji, pata barua ya mtendaji wa kijiji inayomtaja muuzaji, mnunuzi, rangi, jinsi, alama au hereni ya punda, na mashahidi wa pande zote. Mnadani, chukua risiti na kibali cha kusafirisha, na usisogee hatua bila hicho kibali. Kwa mchuuzi, dai vyote viwili: uthibitisho kwamba yeye alimnunua kihalali, na hati ya yeye kukuuzia wewe.

Hapa mchuuzi anakuwa na faida ambayo wanunuzi wengi hawaijui. Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, inambana zaidi mtu anayeuza bidhaa ya aina hiyo kama biashara yake. Ukimweleza wazi kwamba unataka punda wa kuvuta mkokoteni wa maji, na ukategemea ujuzi wake, inachukuliwa kwamba amekubali kukupa mnyama anayefaa kwa kazi hiyo. Mzee wa kijijini anayeuza punda wake mmoja habanwi hivyo. Ila ukiwa umemkagua, sheria hiyo hiyo haikulindi kwa kasoro ambayo ukaguzi huo ulipaswa kuionyesha. Ndiyo maana maneno yaandikwe: "punda huyu anauzwa kwa kazi ya mkokoteni, hana kilema wala ugonjwa unaojulikana kwa muuzaji, akionekana na kasoro ya kazi ndani ya siku 14 atarudishwa na fedha kurejeshwa." Mchuuzi mzuri atatia saini. Atajadili siku, pengine aseme saba, na hiyo ni biashara. Asiyetaka kabisa kuandika, bei yake iwe ya mnadani, kwa sababu anakupa uhakika wa mnadani.

Jozi na urafiki wao

Hili nalisisitiza kwa sababu limewaua punda wengi walionunuliwa wakiwa wazima. Punda hufungamana na mwenzake. Wawili waliolelewa pamoja husimama pamoja, hula pamoja, huitana wakitenganishwa. Ukimchukua mmoja ghafla anaweza kugoma kula, na kwa punda kugoma kula si jambo la kusubiri: mafuta ya mwilini huingia kwenye damu kwa wingi, ini linashindwa, na anaweza kufa ndani ya siku chache. Majirani watasema amelogwa au amelishwa sumu.

Bomani unaweza kununua marafiki wawili kama walivyo. Hiyo ndiyo jozi bora kuliko zote, hata wakipishana kimo kidogo. Kwa mchuuzi utapata waliolingana kimo lakini wasiojuana, isipokuwa amewanunua pamoja, kwa hiyo uliza. Mnadani usitarajie. Kama fedha yako inatosha mmoja tu na nyumbani huna punda mwingine, mweke karibu na mbuzi au ng'ombe wako, na usimwache peke yake kwenye banda la mbali.

Nani aende wapi

Mkulima wa Sikonge, Urambo au Kaliua, nenda bomani, tena boma la jirani kwenye nchi ya ndorobo ile ile, hata ikikuchukua mwezi. Muuza maji au mwenye mkokoteni wa mjini anayehitaji mnyama wa kazi ndani ya wiki, nenda kwa mchuuzi mwenye zizi la kudumu, mwone mara mbili, andikishaneni. Kikundi cha akina mama kinachonunua punda kadhaa kwa mara moja, mchuuzi pia, lakini mlipieni daktari wa mifugo siku moja ya kazi. Ada yake ni ndogo mno kulinganisha na punda mmoja atakayekufa. Mwenye uzoefu, gari lake na banda la kuwatenga wageni, mnada ni wako.

Baada ya hapo wiki za mwanzo nazo zinatofautiana. Wa jirani apumzike siku chache, umwanzishe mzigo mwepesi. Wa zizi la mchuuzi au wa mnadani akae mbali na wanyama wengine wiki mbili hadi tatu, apewe dawa ya minyoo kwa kipimo cha daktari, atazamwe kikohozi, makamasi na upele. Wote wapewe majani makavu kwa wingi na maji safi, pumba kidogo kidogo tu, kwa sababu punda aliyeshinda njaa safarini akijazwa pumba siku ya kwanza hupata msokoto wa tumbo. Hesabu siku za makubaliano yako na mchuuzi kuanzia siku punda alipofika, na kasoro yoyote utakayoiona ipige picha siku hiyo hiyo umtumie.